Bata anauzwa: MG ya 1966, Jinja, Uganda

Juzi nilipiga picha nne za gari la marehemu Baba nikazitupa kwenye kundi la WhatsApp la wanaouza na kununua magari. Chini yake nikaandika: "MG ya 1966, viti viwili, inafunguka juu, imetunzwa vizuri, shilingi milioni 42." Saa moja haikuisha, simu ikawa na jumbe thelathini na moja. Nyingi zilikuwa na neno moja: "Mwisho?" Mmoja aliuliza kama ina AC. Mwingine, na huyu bado sijamsamehe, aliuliza inabeba mikungu mingapi ya matoke.

Usiku nikayasoma tena maneno yangu nikaona haya. Imetunzwa vizuri. Dalali akikuambia gari limetunzwa vizuri ana maana limeoshwa asubuhi ile. Mimi mwenyewe nimewahi kununua Toyota "iliyotunzwa vizuri". Siku kapeti lilipoinuliwa niliona lami. Basi nimeona heri niandike hapa kirefu, ili atakayekuja kumtazama Bata aje anajua anatazama nini, na ambaye hamfai abaki kwake, aniachie bando langu.

Bata ndilo jina lake. Watoto wa mtaa wetu, Walukuba, walimpa, kwa sababu ni mweupe, tumbo liko karibu na ardhi, na barabara ikiwa na mashimo anatikisa makalio. Kiwandani rangi yake waliiita Old English White. Mimi naiita rangi ya uji. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema "gari". Tulisema Bata amelala, Bata ana kiu, Bata kaenda Bugembe na Baba.

Nilizaliwa Walukuba mwaka 1971, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambapo ukuta mmoja mnachangia na Mluo, wa pili na Mnubi, na ng'ambo ya kichochoro yuko Mteso aliyeoa Msoga. Ndani kila mtu na lugha yake, uani Kiswahili. Baba alitoka upande wa Tororo mwaka 1961, akaingia gereji moja ya mjini kama kijana wa kuosha vipuri kwa petroli, akapanda mpaka akawa Fundi, jina ambalo hata Mama alimwita mbele ya wageni. Magari ya siku hizo yalikuwa Morris na Austin, na mkono wake ulizizoea injini zile kiasi cha kuzifungua gizani.

Hilo ni jambo la kukumbuka, maana MG kwa nje inaonekana ya kifahari, lakini injini yake ni ya ukoo ule ule wa Morris Oxford na Austin Cambridge zilizokuwa zikibeba walimu na makarani. Kampuni ilikuwa moja, BMC. Waliichukua injini ya kazi, wakaikuza mpaka sentimita za ujazo 1,798, wakaitia karibureta mbili, wakaivisha bodi ya kupendeza na mwaka 1962 wakaipeleka sokoni. Farasi tisini na tano, basi. Kijana mwenye Subaru atakupita akipiga miayo. Hata herufi zenyewe, M na G, ni za Morris Garages, gereji ya mji wa Oxford, na Baba alilipenda sana jambo hilo. "Huyu naye katoka gereji," alikuwa akisema, kana kwamba wamesoma darasa moja. Kiwanda chao cha Abingdon kilifungwa Oktoba 1980, kikiwa kimetoa zaidi ya nusu milioni ya aina hii, ukijumlisha na zile zenye paa la chuma.

Huyu wetu aliletwa Jinja akiwa mpya na Mwingereza mmoja, mhandisi. Usukani uko kulia, kama tunavyoendesha sisi. Mwaka niliozaliwa mhandisi aliondoka akamwuzia mwalimu mkuu wa shule moja ya hapa, mtu mrefu ambaye magoti yake yaligusa usukani na hakujali.

Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wenzao Waganda walipokuwa wakisogea kutoka Kampala kuja huku, askari wa Amin waliokuwa wakikimbia walichukua chochote chenye magurudumu. Jinja ilitekwa tarehe 22. Siku chache kabla yake, yule mwalimu mkuu alikuja kwetu usiku, kwa miguu. Baba akatoka na tochi na mfuko wa spana. Nilikuwa na miaka minane, nikajifanya nimelala. Alirudi na vitu viwili vimefungwa kwa gazeti, vinanuka petroli, akavizika katikati ya gunia la karanga lililokuwa chini ya kitanda chao. Zilikuwa karibureta. Magurudumu manne ya spoki yalikwenda kulala darini kwa jirani. Askari walipofika kwa Mwalimu walikuta ganda jeupe limekaa juu ya matofali. Mmoja akalipiga teke, wakapita. Mbonyeo wa teke lile upo mpaka leo, mlango wa kushoto, chini ya kitasa. Baba alinyoosha mibonyeo ya nusu ya magari ya Jinja, huo aliuacha. Karanga tulizila mpaka Juni, kila kikombe na harufu yake.

Miaka ya magendo haikumwacha Mwalimu. Hakukuwa na tairi, hakukuwa na betri, na mshahara wake haukutosha sabuni. Baba aliendelea kumtengenezea kwa deni, deni likawa kubwa kuliko watu wawili wenye heshima wanavyoweza kulizungumza. Mwaka 1983 Mwalimu akaja tena, safari hii mchana, amefunga tai, logibuku, kile kitabu cha umiliki wa gari, mkononi. "Fundi, nikikulipa kwa shilingi nitakuwa nakudanganya. Chukua gari." Mama hakusema na Baba siku nne. Yeye alikuwa ameahidiwa cherehani.

Sasa nije kwenye huo utunzaji.

Gari hili halina chesisi. Ukilala chini hutaona vile vyuma viwili virefu kama vya pikapu. Nguvu yote iko kwenye bodi, na kwa kuwa juu hakuna paa la kuisaidia, mzigo umebebwa zaidi na mbavu mbili zinazopita chini ya milango, maboksi ya bati yaliyounganishwa kwa ndani. Zikioza, gari linaanza kujikunja katikati kama daftari. Uingereza zimeoza nyingi kwa sababu wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi na bati mnajua mambo yao. Sisi hatuna chumvi, tuna matope. Udongo mwekundu wa murram unajibandika juu ya matairi, ndani ya bodi ambako macho hayafiki, unakaa umelowa wiki nzima, na bati linaliwa kimyakimya. Ndiyo maana Baba hakuwahi kumwosha Bata juu kabla hajamwosha chini. Alikuwa na mpira wa maji na kijiti cha mpera alichokichonga mwenyewe, ncha yake imepinda kama kidole cha bibi, akichokonoa udongo kule juu mpaka maji yatoke meupe. Juu tungeweza kuosha sisi watoto, hata kwa tope, hakujali.

Kwa hiyo ukija, usianze na rangi. Rangi ilipakwa 2013 na inadanganya kama rangi zote. Lete sumaku, ifunge kitambaa, ipitishe kule chini ya milango. Penye puti nyingi haitashika. Kisha tia jeki mbele, inua mpaka gurudumu liache ardhi, fungua mlango wa upande huo, ufunge. Mbavu zikiwa mbovu mlango utagoma, au utaona nafasi yake imebana upande mmoja na kuachama upande wa pili. Wa Bata unafungwa kwa vidole viwili. Nimeshafanya hivyo mbele ya watu wanne. Wawili walidhani nawauzia jeki.

Kutu ipo, sifichi. Sakafu ya abiria ilikatwa ikachomelewa bati jipya mwaka 2011. Nyuma ya viti, mahali betri zinapokaa, kuna pembe moja inayotaka kazi kabla ya masika mengine mawili. Ndiyo, betri, kwa wingi. Ana mbili za volti sita zilizounganishwa, kila moja shimoni mwake. Usiniulize kwa nini.

Halafu kuna habari ya spana. Nati za Bata ni za inchi. Ile ya nusu inchi ni milimita 12.7, na kijana yeyote wa gereji mkononi ana spana namba kumi na tatu, kwa sababu magari ya milimita ndiyo yaliyomfundisha kazi. Kumi na tatu inaingia. Inaingia vizuri kabisa, inacheza kidogo tu, na ukivuta kwa nguvu inakula pembe za nati mpaka inabaki duara kama embe. Baba alipokuwa mgonjwa tulimpeleka Bata gereji moja kwa kazi ya siku moja ya klachi, akarudi na nati kumi na moja za namna hiyo. Baba alizihesabu akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, na sijawahi kumsikia akitukana vile kabla wala baada. Spana zake za inchi ziko zote, kwenye boksi la mbao, nazo zinaondoka na gari. Ukizitenganisha na gari nitakusikia hata ukiwa Kabale.

Lakini kitu ninachotaka hasa kukieleza ni karibureta, zile zile za kwenye karanga.

Injini inavuta hewa kwa midomo miwili, na kila mdomo unalisha silinda mbili. Mmoja ukivuta kuliko mwenzake, injini inachechemea gari likiwa limesimama, inakohoa ukikanyaga, na plagi mbili zinakuwa nyeusi na mbili nyeupe. Wenye vyombo wana vyombo vya kupimia. Baba alikuwa na kipande cha mpira, urefu wa mkono, kilichokatwa kutoka lori bovu. Unatoa filta za hewa. Unaiacha injini ishike moto. Unachomeka ncha moja ya mpira kwenye mdomo wa karibureta ya mbele, ncha nyingine sikioni mwako, unafumba macho. Sssss. Unahamia ya nyuma. Ikiwa mmoja unasema sss na mwingine unasema shhh, unagusa skrubu, lakini kugusa kwenyewe ni kama unavyogusa jino linalouma, kisha unarudi kusikiliza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka uchomoe mpira na usijue umetoka upande gani.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliponipa ule mpira. Sikio lake la kulia lilikuwa limeshaliwa na nyundo za miaka ishirini, na la kushoto alisema linamwonea huruma, linamwambia anachotaka kusikia. Kaka yangu mkubwa alijaribiwa kwanza akafukuzwa, kwa sababu kila mara alisema "ziko sawa, Baba" ili awahi mpirani. Mimi sikuwa na mpira wa kuwahi. Nilikaa kwenye tairi la akiba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, moshi machoni, nikisema "ya nyuma, kidogo... bado... umepita, rudi." Nadhani hakuna mahali pengine katika utoto wangu ambapo mtu mzima alifanya nilichosema papo hapo.

Zikishalingana unakuja mchanganyiko. Ubavuni mwa kila karibureta kuna kipini kidogo. Ukikisukuma juu kinainua pistoni ya ndani kiasi cha unene wa kucha. Injini ikiongeza mwendo na kubaki huko juu, petroli ni nyingi. Ikitaka kuzima, ni chache. Ikipanda kidogo ikarudi mahali pake, acha, funga boneti, kanywe chai. Hapa Jinja tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya huko alikozaliwa, kwa hiyo ukifuata kitabu Bata anakunywa kuliko anavyoweza kuchoma na plagi zinatoka na masizi. Baba alipunguza polepole, miezi mitatu, mpaka plagi zikawa rangi ya biskuti. Fundi wako akikuambia anarudisha vipimo vya kitabu, mshike mkono.

Mengine niyapitie haraka. Petroli yenye risasi ilipoondolewa katika nchi zetu mwaka 2006, magari ya umri huu yalipata tatizo, kwa kuwa risasi ile ndiyo iliyokuwa ikivikinga viti vya valvu visiliwe. Baba alivua silinda hedi, akaipakia kwenye basi kama mgonjwa, akaipeleka Katwe, Kampala, wakamtilia viti vigumu upande wa moshi. Ile kazi ni nzuri mpaka leo. Mbele kuna vinywa sita vya grisi, vitatu kila gurudumu, na kitabu kinasema kila maili 3,000. Baba hakuamini maili, aliamini mwezi. Gia ya kwanza huingii gari likiwa linatembea, lazima lisimame kabisa, la sivyo litakuvunjia heshima mbele ya watu. Kasi inasomeka kwa maili. Ikiwa hamsini, ambayo ni kilomita themanini, injini inazunguka kama mara 2,800 kwa dakika, na hapo ndipo Bata anapopenda kukaa. Jinja hadi Kampala anakunywa lita nane, tisa kukiwa na foleni Mukono. Bomba la moshi limeshasalimiana na kila tuta la barabara ile.

Onyo moja la umeme. Kwenye magari mnayoyajua, waya wa hasi ndio unaofungwa kwenye bodi. Kwa Bata ni kinyume, chanya ndiyo iko kwenye bodi. Mpwa wangu, kijana mwenye cheti, alikuja na redio ya kunishangaza siku ya kuzaliwa kwangu. Nilimwambia asubiri. Alisema, "Aunti, umeme ni umeme." Redio iliimba sekunde moja, ikatoa moshi wa buluu, na sote wawili tukaenda kula keki kimya.

Na paa. Paa ni turubai na vyuma vya kuchomeka, vyote vinakaa kwenye buti. Hakuna kitufe. Kwa watu wawili wanaoelewana ni dakika tatu. Ukiwa peke yako na mvua ya msitu wa Mabira inakuja, utalowa, na ukishalowa hakuna haja ya paa tena, endesha tu. Maji ya sakafuni yana tundu lake.

Mabira ndipo Bata aliponiaibisha mara moja, na kwa kuwa nimeahidi ukweli nitasema. Ilikuwa 2021, natoka kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya binti wa rafiki yangu Kampala, nimevaa gomesi, mkanda mpana, mabega juu. Nimepita Najjembe, paa liko wazi, gonja mbili, ndizi za kuchoma, za Namawojjolo kwenye kiti cha abiria. Injini ikakata kama mtu aliyekumbuka jambo. Nikazungusha ufunguo nikasikiliza. Pampu ya petroli ya Bata ni ya umeme, na ukiwasha lazima uisikie nyuma, tik-tik-tik-tik, halafu inanyamaza ikishajaza. Siku hiyo kimya. Dawa yake Baba alinifundisha, na ni dawa ya kijinga: inapigwa. Visahani vyake vya ndani vinashika uchafu, mshtuko unaviachanisha. Shida ni kwamba iko chini ya gari, karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Nikatandika leso, nikalala ubavu na gomesi yangu, nikavua kiatu, nikaanza kugonga.

Lori la miwa likasimama. Dereva akashuka na taniboi wake wakaniinamia.

"Mama, pole. Umegonga nini?"

"Nagonga pampu."

Wakatazamana. "Kwa kiatu?"

"Nyundo iko kwenye buti, chini ya turubai."

Tik. Tik-tik-tik-tik. Sijawahi kuona watu wazima wawili wakirudi nyuma namna ile. Waliniomba wapande kwa zamu mpaka kwenye kona na kurudi, nikawapeleka, kila mmoja na gonja yake mkononi. Pampu sasa ni mpya, ilikuja kwenye sanduku la binamu yangu anayefanya kazi Uingereza. Ndilo jambo zuri la gari hili: huko kwao karibu kila kipuri bado kinatengenezwa, hata bodi nzima tupu unaweza kuagiza. Kinachotakiwa ni binamu mwenye nafasi kwenye sanduku.

Waliokuja mpaka sasa ni hawa. Kijana mmoja wa Kampala anayekodisha magari ya harusi, mpole, kaniita "Mama, jambo" kwa mikono miwili. Alitaka kumpaka rangi ya dhahabu. Nikamwambia mwanangu, asante kwa kuja. Wa pili alikuwa na fedha taslimu na mpango: atoe injini, atie ya Toyota, "apumzike". Huyo hakumaliza soda yake. Wa tatu dalali, akasema milioni 12 huku anapiga teke tairi, na nilimwonyesha mbonyeo wa mlangoni nikamweleza aliyeutia alikuwa na bunduki na bado hakulipata gari. Wa nne ni tabibu wa Mbale. Huyo alilala chini kabla hajanisalimu. Nilisikia sauti yake tu kutoka chini ya mlango: "Aisee, mbavu zake zote zipo." Alitaja 35, akasema atazungumza na mkewe, na tangu hapo kimya. Kama unasoma hapa, shemeji msalimie. Mlango haujafungwa.

Kwa wanaosema 42 ni nyingi: tangu sheria ya 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliingizwi nchini kama tulivyozoea kuagiza. Bata yuko hapa tayari, ana logibuku, yuko kwenye jina langu, na huko URA, kwa watoza kodi, hana deni.

Kwa nini namwuza? Baba alituacha 2019, na tuko wanne. Shamba la Tororo tulipima kwa kamba likagawanyika. Bata hagawanyiki. Kaka mkubwa anataka nyumba ya Mama ipate paa jipya, wa pili ana ada ya watoto watatu, mdogo wetu hataki auzwe lakini hajawahi kununua hata lita moja ya oili, kwa hiyo kura yake nimeipa nusu. Mimi nyonga yangu hainiruhusu tena kushuka kwenye kiti kilicho kimo cha kigoda bila kumwita mtu. Tulikwenda kumwuliza Mama, ambaye ana miaka themanini na kitu na anasikia vizuri anapotaka. Tulijieleza kwa zamu, kwa adabu, karibu saa nzima. Akasema, "Uzeni. Na mniletee cherehani yangu."

Basi cherehani ni ya kwanza kwenye orodha ya matumizi, kabla ya mabati.

Njoo Jumamosi, kabla ya saa mbili asubuhi, umkute Bata baridi. Injini iliyokwisha pashwa moto inaficha mengi. Ukifika ukakuta boneti ina joto, nidai maelezo. Utaniona nikivuta choki, nitasubiri tik-tik inyamaze, na atawaka mara ya pili, mara chache ya kwanza. Njoo na sumaku yako, usitumie yangu. Pamoja naye utapata boksi la spana, nyundo ya shaba ya nati za magurudumu, turubai na vyuma vyake, kitabu chenye vidole vya Baba vya grisi kila ukurasa, kile kijiti cha mpera, na mpira.

Ila logibuku sitaisaini siku hiyo. Atakayemnunua atarudi asubuhi nyingine akae nami kwenye tairi la akiba, mpira sikioni, mpaka aniambie mwenyewe ni karibureta ipi inayovuta zaidi. Nitakuwa nimezipotosha usiku wake kwa makusudi. Chai itakuwepo, na karanga.